Kuwatafuta na kuwawinda nguruwe pori wa Marekani kwenye ardhi usiyoijua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hawa nguruwe ni wa aina gani hasa?

Ni Sus scrofa, damu ileile ya nguruwe wa zizini, waliotoroka au kuachiliwa vizazi vingi vilivyopita wakawa wanyama wa porini. Si ngiri. Mhispania Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 akiwa na nguruwe wa kulisha askari wake. Wakulima waliokuja baadaye waliwaachia nguruwe wao wajitafutie chakula msituni, wakawakusanya msimu wa kuchinja, wasiokusanywa wakazaana. Mwaka 1912 nguruwe mwitu wenye asili ya Ulaya waliletwa kwenye mlima wa Hooper Bald, North Carolina, wawe mawindo ya matajiri ndani ya uzio. Uzio haukuwashinda.

Walioko leo ni machotara wa hao wote, ndiyo maana utakuta mweusi, mwekundu na mwenye mabaka katika kundi moja. Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kwamba wamezidi milioni 6, na Texas ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lingine lolote. Jike hubeba mimba siku 115 hivi, na mara nyingi huzaa watoto wanne hadi wanane.

Kwa mgeni jambo la maana ni hili: majike hutembea kwa makundi pamoja na watoto wao, dume mzima hutembea peke yake. Kundi huacha alama nyingi na hupiga kelele. Dume huacha kidogo na husikika kidogo. Kama hujui eneo, tafuta kundi.

Nianze na nini kabla ya kufunga safari?

Anza na sheria ya jimbo, halafu ruhusa ya mwenye ardhi. Bunduki baadaye. Watu hudhani kwa kuwa nguruwe ni mharibifu basi anapigwa popote, wakati wowote, na mtu yeyote. Si hivyo, na majimbo hayafanani hata kidogo.

Texas, tangu Septemba 2019, haimdai leseni ya uwindaji mtu anayewinda nguruwe kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenyewe. Kwenye ardhi ya umma ya jimbo hilohilo mambo hubadilika: unahitaji leseni, na kwenye maeneo mengi kibali cha mwaka cha kuwinda ardhi ya umma. California inamhesabu nguruwe kuwa mnyama wa kuwindwa kwa leseni, na tangu Julai 2024 imeacha kutoza tagi kwa kila mnyama, badala yake kuna kibali kimoja cha mwaka. Kansas imepiga marufuku kabisa kumwinda kwa burudani. Missouri hairuhusu kumwinda kwenye ardhi zinazosimamiwa na idara yake ya uhifadhi. Ukimwona, unatakiwa uripoti ili wenye mitego wafanye kazi yao.

Kwa hiyo usimwamini jamaa aliyewinda jimbo la jirani. Fungua kanuni za mwaka huu za eneo lenyewe, soma ukurasa wa msitu au hifadhi unayoikusudia, kwa sababu hata ndani ya jimbo moja eneo hili laweza kuruhusu bunduki wakati lile linaruhusu upinde tu.

Nitajuaje nimevuka mpaka wa shamba la mtu?

Beba ramani ya mipaka ya umiliki ndani ya simu, uipakue kabla, maana mabondeni mtandao hupotea. Kisha angalia miti. Texas na majimbo kadhaa mengine yanatambua rangi ya zambarau kuwa sawa na kibao cha "usiingie". Kwa Texas ni mistari ya wima, isiyopungua inchi 8 kwa urefu, iliyopakwa kwenye mti au nguzo kati ya futi 3 na 5 kutoka chini. Mgeni huipita akidhani ni alama ya wakata magogo.

Na nguruwe uliyempiga akivuka uzio kabla ya kuanguka? Simama hapo hapo. Tafuta mwenye shamba kwanza. Majimbo mengi hayakupi haki ya kumfuata kwenye ardhi ya mtu mwingine bila idhini, hata kama unamwona amelala mita thelathini mbele yako.

Ramani inaweza kunionyesha nguruwe walipo?

Haitakuonyesha nguruwe, itakuonyesha mahali pa kutopoteza muda. Nguruwe hana tezi za jasho za kumtosha kupoza mwili, hivyo maisha yake yamefungwa na maji na kivuli. Anza na maji. Fungua picha za setilaiti, fuata kila kijito, bwawa la ng'ombe, kinamasi na mfereji. Halafu tafuta chaka zito karibu na maji hayo: sehemu ambayo kwenye picha inaonekana ni kijani kilichofungamana bila nafasi. Halafu chakula: shamba la karanga, mahindi, mtama au mpunga, ama msitu wa mialoni.

Pale vitu hivyo vitatu vinapokaribiana ndipo pa kuanzia. Weka alama sehemu tano au sita za namna hiyo, uzipange kwa kufikika. Ukienda na sehemu moja tu kichwani, utaikalia hata kama haina kitu, kwa sababu huna pengine pa kwenda.

Jambo moja ambalo ramani hulificha: moto na ukataji miti. Sehemu iliyokatwa miaka michache iliyopita na kuota upya vichaka na miiba ni malazi mazuri sana ya nguruwe, lakini picha ya zamani itakuonyesha msitu mrefu au uwanja mtupu. Angalia tarehe ya picha.

Nani wa kumuuliza nikifika?

Watu wanaoendesha gari alfajiri. Wakulima, wasambaza barua, madereva wa basi la shule, wafanyakazi wa visima vya mafuta. Hao huwaona nguruwe wakivuka barabara, na barabara yenyewe ni habari: nguruwe hupenda kuvuka palepale, kwa kawaida kwenye daraja dogo au pale kijito kinapopita chini ya barabara.

Wawindaji wenyeji ni chanzo kizuri pia, ila usimuulize mtu sehemu yake anayowinda. Uliza msimu huu nguruwe wanakula nini. Swali hilo watu hulijibu kwa furaha, na jibu lake ni la thamani zaidi.

Mkulima aliyechimbuliwa shamba huenda akakupa ruhusa palepale. Huenda pia akakataa, kwa kuwa wako waliowahi kumwachia mageti wazi ng'ombe wakatoka. Ukikubaliwa, geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi.

Alama zipi zinaonyesha kwamba wapo?

Ya kwanza kuonekana ni udongo uliofukuliwa. Nguruwe hufukua kwa pua akitafuta mizizi, minyoo, mabuu na mbegu, na kundi likipita usiku mmoja linaweza kuacha uwanja mzima kama umepigwa jembe la trekta na dereva mlevi. Usichanganye na kakakuona wa Marekani (armadillo): yeye huacha vishimo vidogo vyenye umbo la koni, kimoja hapa kimoja pale. Bata mzinga naye huparua majani makavu, lakini hagusi udongo wa chini.

Kisha kuna madimbwi ya kugaagaa. Huwa pembeni mwa maji au kwenye tope lenye kivuli, na ukichunguza utaona alama ya nywele ngumu kwenye tope. Akishatoka hapo, nguruwe huenda kujisugua kwenye mti. Tope lililoganda kwenye shina linakuambia mambo mawili: alielekea upande gani, na kimo chake, kwa kuwa tope la juu kabisa ni la mgongo au bega. Hupenda sana nguzo za umeme zilizopakwa dawa ya kuhifadhi mbao. Ukiona nguzo imechakaa na kung'aa chini huku juu iko salama, isogelee.

Nyayo zake ni mviringo zaidi kuliko za kulungu. Kwato za kulungu huchongoka mbele; za nguruwe ni butu na vidole vyake vimeachana. Kwenye tope laini, vile vikwato vidogo vya nyuma huonekana vikiwa vimetanuka nje ya mstari wa kwato kubwa. Kinyesi chake hukaribia cha mbwa kuliko cha kulungu, na ukikipasua kwa kijiti unakuta anachokula wiki hii: maganda ya matunda ya mwaloni, punje, nyasi, manyoya. Kipasue. Wengi wanaona kinyaa na kupita, kumbe hapo ndipo penye jibu la swali la niende wapi.

Usisahau seng'enge. Nguruwe haruki uzio akiweza kupita chini yake. Tembea kando ya uzio utafute sehemu ambayo ardhi imelika, waya wa chini umeinuka na una nywele zilizonasa au tope. Ukipata mlango wa namna hiyo kwenye eneo geni, umepata kitu kinachodumu. Malisho hubadilika kila baada ya majuma machache. Mlango wa uzio unaweza kutumika miaka.

Nitatofautishaje alama ya leo na ya wiki iliyopita?

Hili ndilo swali linalotenganisha anayewinda na anayetalii. Eneo lenye nguruwe lina alama kila mahali, na nyingi ni za zamani. Mgeni akiona hekari nzima imefukuliwa, moyo unamdunda, anakaa hapo siku nzima, kumbe walishahama.

Udongo uliofukuliwa usiku wa jana una rangi nyeusi zaidi kuliko unaouzunguka na ukiushika ni wa unyevu. Baada ya jua la siku moja uso wake hupauka. Baada ya mvua kingo zake hulainika na mabonge kuvunjika. Angalia mizizi iliyokatwa: ikiwa nyeupe, ni mpya, ikiwa kahawia, imekaa. Angalia majani ya nyasi yaliyozikwa chini ya bonge: yakiwa bado kijani, hawajaenda mbali. Nyasi zikianza kuchipua kutoka ndani ya shimo, sahau.

Maji ya dimbwi la kugaagaa yakiwa bado yametibuka, nguruwe ametoka muda si mrefu, kwa kuwa tope hutulia. Yakiwa maangavu juu huku chini kuna nyayo, ni ya zamani kidogo. Tope la mtini likiwa bichi kiasi cha kuchafua kidole, shika silaha vizuri na uangalie upepo kabla ya kupiga hatua nyingine.

Utando wa buibui nao ni shahidi. Njia yenye utando uliotanda kimo cha goti asubuhi haikupitiwa usiku huo na mnyama mkubwa. Na umande: kundi likipita alfajiri huacha mstari wa nyasi zilizopoteza umande, mstari unaoonekana vizuri ukiutazama dhidi ya jua.

Mvua ni rafiki wa mgeni. Inafuta daftari lote. Siku baada ya mvua nzito, kila wayo unaouona ni mpya, na unaweza kulisoma eneo zima kwa asubuhi moja. Kama una nafasi ya kuchagua siku, chagua hiyo.

Nimekuta alama mpya kabisa lakini nguruwe sijaona. Nifanye nini?

Usikae hapo. Ulipokuta udongo uliofukuliwa ni mezani. Wao wako kitandani. Tafuta njia inayotoka hapo kuelekea chaka zito na maji, uifuate polepole ukiwa na upepo usoni. Kwenye Florida chaka hilo linaweza kuwa palmetto, mimea mifupi ya jamii ya minazi. Mashariki mwa Texas ni vichaka vya yaupon na matete ya mabondeni. Kusini mwa Texas ni miiba na dungusi. Usiingie ndani ya chaka lenyewe. Ukiwafurusha mchana kwenye malazi yao, wanaweza kuhama bonde zima.

Kaa kati ya malazi na malisho, karibu zaidi na malazi, na ungoje saa ya mwisho ya mwanga. Kama hawatokei mpaka giza, basi wanakula usiku tu, jambo la kawaida pale wanaposumbuliwa sana. Hapo mgeni ana mawili: aende mbali zaidi na barabara, mahali ambapo wengine wanaona uvivu kufika, au awinde usiku kama sheria inaruhusu.

Kamera za mtego, zinazofungwa mtini na kujipiga zenyewe mnyama akipita, husaidia kama una siku za kutosha. Kwa mtu wa siku mbili tatu mimi naona ni mzigo. Miguu inaeleza mengi zaidi kwa muda huo.

Upepo una uzito kiasi gani?

Kuliko yote mengine. Macho ya nguruwe ni ya kawaida, na mtu aliyetulia mbele ya mti mnene anaweza asionekane. Masikio yake ni mazuri. Pua yake ndiyo inayokumaliza: akishapata harufu ya mtu, hangoji kuthibitisha kwa macho. Jike kiongozi hutoa mlio mmoja mfupi wa pumzi, na kundi lote linatoweka.

Beba chupa ndogo ya unga mwepesi, uupulize kila mara. Tatizo kwenye ardhi ngeni ni kwamba upepo wa utabiri wa hali ya hewa si upepo wa bondeni. Asubuhi na mapema hewa baridi huteremka kufuata mabonde. Jua likipanda, ardhi hupata joto na hewa hupanda mlima. Jioni hugeuka tena kuteremka. Katikati ya mabadiliko hayo huwa na kipindi ambacho upepo unazunguka ovyo. Katika kipindi hicho tulia mahali, usinyatie chochote.

Ukiwa mgeni, hufahamu bonde lipi linageuza upepo. Hivyo tumia saa za mwanzo kuujaribu unga huo sehemu mbalimbali kabla ya kuamua pa kukaa. Sabuni zisizo na harufu na dawa za kupulizia nguo zinauzwa kwa wingi, na sizioni zikibadilisha mambo: mtu aliyekaa upande mbaya wa upepo atanuswa tu.

Saa gani na msimu gani?

Kiangazi ni maji. Joto likizidi wanalala kutwa kwenye tope na kivuli, wanatoka usiku. Tafuta bwawa lililobaki wakati mengine yamekauka.

Vuli ni mialoni. Matunda yake yakianguka, wanaacha mashamba na kuingia msituni, na hata chambo cha mahindi kinaweza kupuuzwa. Mwaloni hauzai sawasawa kila mwaka, kwa hiyo tafuta ile iliyozaa. Inua kichwa, angalia matawi kwa darubini.

Baridi ni msimu wangu ninaoupendekeza kwa mgeni. Majani yamepukutika, unaona mbali. Nguruwe hutembea mchana kwa sababu joto halimsumbui na njaa inamsukuma. Siku ya baridi kali huota jua kwenye miteremko inayotazama kusini.

Masika, baada ya mahindi kupandwa, hufuata mstari kwa mstari wakifukua mbegu. Wakulima wakiwa na hasira ndipo ruhusa zinapatikana kirahisi.

Naweza kutumia masikio?

Ndiyo, na watu wengi hawayatumii. Kundi likila ni kelele tupu: watoto wanapiga mayowe, majike wanakoroma, matunda ya mwaloni yanasagwa. Simama dakika kumi kabla ya kila kilima na usikilize. Kelele hiyo pia inakufunika unaponyatia. Wakila, sogea, wakinyamaza, ganda.

Kuna mnyama ninayeweza kumchanganya naye?

Yupo, na kosa hili linaweza kukupeleka mahakamani. Texas, New Mexico na Arizona zina javelina, mnyama anayefanana na nguruwe mdogo lakini ni wa jamii nyingine kabisa, na ni mnyama wa kuwindwa mwenye kanuni na idadi yake. Ana mstari mweupe wa nywele shingoni unaofanana na ukosi, mkia usioonekana, meno yaliyonyooka badala ya kupinda, na miguu ya nyuma ina vidole vitatu tu. Kwenye mwanga hafifu ukosi huo hauonekani. Kama huna uhakika, shusha bunduki.

Silaha gani, na nilenge wapi?

Risasi za ukubwa wa .243 na .308 zinatosha vizuri; .223 inaua kwa risasi iliyoundwa kwa ajili ya wanyama na mlengaji mtulivu, lakini kwa dume mkubwa akiwa amekaa upande mbaya haikuachii nafasi ya kukosea. Ardhi yenye vichaka bunduki fupi ni bora kuliko darubini kubwa ya shabaha.

Kuhusu kulenga, wawindaji waliozoea kulungu hukosea hapa. Moyo na mapafu ya nguruwe viko chini zaidi na mbele zaidi. Ukilenga nyuma ya bega kama kwa kulungu, utampiga tumbo. Lenga theluthi ya chini ya mwili, sambamba na mguu wa mbele. Dume mzima ana ngao ya gegedu na ngozi ngumu juu ya mabega. Bunduki kubwa huipenya, lakini mshale unaweza kusumbuka. Kwa upinde, ngoja ageuke, akiwa anaelekea mbele huku amekupa ubavu wa nyuma, ili mshale uingie nyuma ya ngao.

Kumbuka pia mafuta na nywele za nguruwe huziba tundu la risasi. Aliyepigwa vizuri anaweza asiache damu kwa mita nyingi za mwanzo.

Akijeruhiwa akaingia kichakani?

Weka alama pale alipokuwa amesimama, weka nyingine pale ulipomwona mara ya mwisho. Ngoja angalau nusu saa. Halafu fuata ukiwa na mwenzako, mmoja macho chini kwenye damu, mwingine macho mbele. Usitambae kwa mikono na magoti ndani ya njia zao. Huo ndio usawa wa meno yake.

Ni kweli wanamshambulia mtu?

Kwa kawaida hukimbia. Anayerudi ni aliyejeruhiwa, aliyebanwa pembeni, au jike mwenye watoto wadogo. Wana mbio kuliko mtu, na meno ya dume hukata kwa kwenda juu, hivyo majeraha huwa kwenye mapaja. Mti wa kupanda unatosha.

Vipi hizi hadithi za nguruwe wa kilo mia tano?

Mwaka 2004 huko Georgia alipigwa nguruwe aliyepewa jina la Hogzilla, akasemwa ana futi 12 na ratili 1,000. Timu ya National Geographic ilimfukua ikampima: ilikadiria futi 7.5 hadi 8 na ratili 800 hivi. Bado ni mnyama wa kutisha, na alikuwa na damu ya nguruwe wa kufugwa. Utakaokutana nao wengi hawafiki hata nusu yake.

Chambo kinaruhusiwa?

Ardhi binafsi ya Texas, ndiyo. Ardhi ya umma sehemu nyingi, hapana. Palipo ruhusa, mahindi yaliyochachushwa kwenye ndoo ya maji kwa siku kadhaa huvutia nguruwe kwa harufu na hayapendwi sana na kulungu. Yazike kidogo ili wachelewe kumaliza. Lakini chambo kinahitaji siku za kuzoewa, na mgeni mara nyingi hana siku hizo.

Na kuwinda usiku?

Soma sheria kwanza, maana hapa majimbo yanatofautiana kuliko mahali pengine popote. Kifaa cha kuona joto kinakuonyesha mwili wa moto, hakikuonyeshi kilicho nyuma yake. Ndama, mbwa na mtu wote wana joto. Kwenye shamba usilolijua, litembelee mchana, ujue nyumba ziko wapi, ng'ombe wanalala wapi na risasi ikipita itaishia wapi. Mwarifu mwenye shamba saa utakayokuwa pale, na majirani zake kama anaona inafaa.

Msimu wa kulungu, kwenye ardhi ya umma, vaa rangi ya machungwa hata kama unawinda nguruwe. Kanuni nyingi zinadai hivyo.

Niwalete mbwa wangu?

Kama ni mbwa wa nyumbani, hapana. Nguruwe pori hubeba virusi vya pseudorabies, ambavyo humuua mbwa ndani ya siku chache, na havina tiba. Wanaowinda kwa mbwa wana mbwa waliofunzwa na kuvishwa mavazi ya kukinga meno, na hata hao hupoteza.

Nyama inalika?

Inalika, na ya jike kijana ni tamu. Hatari iko kwenye kuchinja kuliko kwenye kula. Bakteria wa brucella huingia mwilini kupitia mchubuko, macho na pua, na homa yake humrudia mtu kwa muda mrefu. Vaa glavu za mpira, usile wala kuvuta sigara ukiwa unapasua, uangalie kisu kisiguse matumbo, nawa kwa sabuni. Pika mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kugandisha hakuui brucella, wala hakutegemewi kwa minyoo ya trichinella ya wanyamapori.

Poza nyama haraka. Kwenye joto la kusini, nguruwe aliyeachwa na ngozi na matumbo anaanza kuharibika upesi. Kuwe na barafu ndani ya gari kabla hujaingia porini.

Na ukipasua ukakuta mafuta ya buluu, acha. Kuna sumu ya warfarin kwa jina la Kaput, iliyosajiliwa mwaka 2017, ambayo Texas imeruhusu itumiwe na watu wenye leseni tangu 2024. Imetiwa rangi makusudi ili mwindaji ajue.

Nikiwapiga wengi, nitakuwa nimemsaidia mkulima?

Kidogo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M hutaja kwamba karibu theluthi mbili ya nguruwe wanapaswa kuondolewa kila mwaka ili idadi isipande. Bunduki haifiki huko. Ukipiga mmoja, wengine wanajifunza na kutawanyika, na mtego mkubwa unaokamata kundi zima kwa mara moja unakuwa mgumu zaidi kufanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kufyatua, muulize mwenye shamba kama ameweka mtego. Kama ameweka, muulize akuelekeze upande mwingine wa shamba.

Naweza kuchukua watoto hai niende nao?

Hapana. Nguruwe wengi wa maeneo mapya walifika huko kwa gari la mtu aliyetaka kuwinda karibu na nyumbani. Tennessee na majimbo mengine yamefanya kuwasafirisha hai kuwa kosa. Texas inaruhusu kwa masharti tu, kuelekea machinjio au mazizi yaliyoidhinishwa. Mgeni mwenye gari la kukodi hayumo katika masharti hayo.